Robo Tatu za Nuru Zilizokuwa Zikipotea

Mnunuzi wa simu aingiaye leo katika maduka ya Kariakoo mjini Dar es Salaam, au ya Barabara ya Luthuli mjini Nairobi, huonyeshwa vioo vya jinsi mbili ambavyo kwa jicho la haraka havina tofauti, lakini kwa asili ya nuru yake vimeachana mbali. Jinsi ya kwanza, iliyo nafuu ya bei, ina taa nyuma yake iwakayo muda wote kioo kifanyapo kazi, na mbele ya taa hiyo limewekwa tabaka la kimiminika ambacho molekuli zake hugeuka zikaziba mwanga au zikaupisha, hata picha ya usiku wa giza totoro huonyeshwa na taa iliyozibwa, si na taa iliyozimwa. Jinsi ya pili, ambayo mafundi na wauzaji huitaja kwa herufi za OLED au AMOLED, haina taa ya nyuma kabisa: kila nukta ya picha ni taa peke yake, huwaka na kuzimika kwa amri, na nukta iliyozimwa haitoi hata chembe ya mwanga. Kinachowaka ndani ya nukta hiyo si waya, wala si gesi, wala si fuwele ngumu kama ile iliyomo katika taa za LED za majumbani. Ni filamu ya dutu za kaboni, zilizo ukoo mmoja na rangi za nguo na mazao ya lami ya makaa ya mawe, iliyotandazwa kwa wembamba usioonekana kwa jicho, nayo ikipitishiwa umeme huurudisha ukiwa nuru.

Habari za dutu hizi aghalabu husimuliwa kama habari za viwanda, kwamba fulani alitangulia kuuza runinga na fulani akamfuata kwa simu. Nionavyo mimi, kiini chake kiko mahali pengine. Ni habari ya israfu ambayo haikuletwa na uzembe wa mtu bali na kanuni ya maumbile yenyewe, kiasi kwamba kila jozi nne za chaji zilipokutana ndani ya filamu, jozi tatu zilipotea zikawa joto hata kama fundi alikuwa mahiri namna gani. Na ni habari ya watu walioikataa hasara hiyo, wakaitafutia njia ya kwanza kwa madini ya thamani, na njia ya pili kwa maumbo ya molekuli peke yake. Aijuaye sehemu hii ataelewa kwa nini rangi nyekundu na kijani za kioo chake zina uhodari ambao buluu yake haijaufikia hadi leo.

Hapo zamani halikutazamiwa kwamba dutu za kaboni zaweza kuchukua umeme, sembuse kutoa nuru kwa umeme huo, maana nyingi kati ya hizo ni vihami, na ndizo tuvikazo nyaya ili mikono isidhurike. Walakini katika miaka ya mwanzo ya 1950, mjini Nancy katika nchi ya Ufaransa, André Bernanose na wenzake waliona rangi za kikaboni ziking'aa zilipotiwa katika nguvu kubwa ya umeme wa kupishana. Mwaka wa 1963 Martin Pope na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walipata nuru kutoka katika fuwele ya anthrasini, dutu ipatikanayo katika lami ya makaa ya mawe, na mwaka wa 1965 Helfrich na Schneider, waliokuwa katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, walionyesha bayana kwamba nuru hiyo huzaliwa pale chaji hasi zitokazo upande mmoja zinapokutana na chaji chanya zitokazo upande wa pili. Hiyo ilikuwa elimu tukufu isiyokuwa na manufaa ya sokoni, kwa kuwa fuwele zenyewe zilikuwa nene mno, zikadai volti kwa mamia, na nuru yake ilikuwa haba.

Aliyeigeuza elimu hiyo kuwa chombo ni Ching Tang, mzaliwa wa Hong Kong aliyesoma Kanada, kisha akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka wa 1975 na kuajiriwa mwaka uo huo katika maabara za kampuni ya Eastman Kodak mjini Rochester, jimbo la New York. Shughuli aliyoanza nayo haikuwa taa. Ilikuwa kugeuza nuru ya jua iwe umeme kwa dutu za kaboni, na mwaka wa 1986 alichapisha habari za seli ya jua yenye matabaka mawili, moja likipokea chaji hasi na jingine chaji chanya. Taa ni kinyume cha seli hiyo. Pamoja na Steven Van Slyke, Tang alilichukua wazo la matabaka mawili, akaligeuza upande, na mwaka wa 1987 wawili hao wakatangaza katika jarida la Applied Physics Letters chombo ambacho vioo vyote vya OLED vya leo ni wazao wake.

Chombo hicho chastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu hekima yake imo katika mpango wa matabaka kuliko katika kitu kimoja pekee. Chini kulikuwa na kipande cha bilauri kilichopakwa oksidi ya indiamu na bati, ambayo hupitisha umeme na papo hapo hupisha nuru. Juu yake ilitandazwa filamu ya dutu ya jamii ya amini, ambayo ndugu zake zilikuwa zikitumika katika mashine za kunakili karatasi, nayo hodari wa kuchukua chaji chanya na mzito wa kuchukua chaji hasi. Juu ya filamu hiyo ilitandazwa ya pili, muungano wa aluminiamu na hidroksikwinolini, ambayo wakemia wa upimaji wa madini waliijua kwa miaka mingi kama dawa ya kutambulisha aluminiamu katika sampuli zao, nayo ilikuwa na sifa mbili zilizotakiwa: huchukua chaji hasi kwa wepesi, na hung'aa rangi ya kijani. Mwisho likaja tabaka la magnesiamu na fedha, madini ambayo huziachilia elektroni zake bila ugumu. Chaji chanya zilipanda, chaji hasi zikashuka, na kwa kuwa hakuna tabaka lililokubali kuzipitisha zote mbili hadi upande wa pili, zililazimika kukutana mpakani na kumaliza safari yake hapo. Unene wa filamu zote mbili kwa jumla haukufika nanometa 150, na nanometa milioni moja ndizo zifanyazo milimita moja. Kwa wembamba huo volti zisizofika 10 zilitosha kutoa mwangaza upitao kandela 1,000 kwa mita ya mraba, ambao ni zaidi ya uhitajiwao na kioo cha simu kivulini.

Ufanisi wake ulikuwa asilimia 1: katika kila elektroni 100 zilizoingizwa, chembe moja tu ya nuru ilitoka nje ikaonekana. Kwa siku zile yalikuwa mafanikio makubwa, na tuzo alizopewa Tang baadaye, ile ya Wolf mwaka wa 2011 na ile ya Kyoto mwaka wa 2019, ni haki yake.

Chombo hicho kilizaliwa na udhaifu mmoja ambao sisi wa pwani, tuishio katika hewa ya chumvi na unyevu, twapaswa kuujua. Madini yaachiliayo elektroni kwa wepesi huziachilia vilevile kwa maji na kwa oksijeni, na tone la mvuke lisiloonekana likipenya penye kitundu cha vumbi huanzisha doa jeusi lisilong'aa tena, likapanuka siku baada ya siku. Kwa sababu hiyo filamu hizo hutandazwa ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, na hufunikwa kabla ya kugusana na dunia; na kipimo ambacho wataalamu wamejiwekea kwa ajili ya kifuniko ni kwamba mvuke upenyao katika mita moja ya mraba kwa siku nzima usizidi sehemu moja ya milioni ya gramu. Plastiki ya kawaida hupitisha maelfu na maelfu ya kiasi hicho. Kwa hiyo fundi wa simu akikwambia kwamba kioo cha namna hii kikishapata ufa ukingoni hakina dawa isipokuwa kubadilishwa, hakufanyii hila: ufa huo umefungua mlango kwa adui ambaye kiwanda kilitumia gharama kubwa kumzuia.

Wakati Kodak ikiendelea na molekuli ndogondogo zipikwazo katika ombwe, Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza kilifika kwa njia ya plastiki. Mwaka wa 1990 Jeremy Burroughes, Donal Bradley, Richard Friend na wenzao walitangaza katika jarida la Nature kwamba polima iitwayo polifenilenivinilini hutoa nuru ya kijani yenye umanjano. Fahari yake ni kwamba polima huyeyushwa na kupakwa kama wino, hata watu wakaota ndoto za kuta zing'aazo zilizochapwa kama magazeti. Kwa ufanisi na kwa umri, njia ya Cambridge iliachwa nyuma na njia ya Rochester, nami nitairudia mwishoni kwa sababu ya huo wino wake.

Sasa tuifikie ile kanuni. Elektroni ina tabia ya asili iitwayo spini, ambayo kwa kipimo huelekea upande mmoja kati ya pande mbili. Umeme unapoingiza elektroni katika filamu kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ukaondoa elektroni na kuacha nafasi tupu ambayo wanafizikia huihesabu kama chaji chanya, viwili hivyo hukutana juu ya molekuli moja na kuwa jozi yenye nishati, na spini zake zaweza kupangana kwa namna nne. Katika namna moja spini hubatilishana, na jozi hiyo huitwa singleti. Katika namna tatu zilizobaki spini hushirikiana, na jozi hizo huitwa tripleti. Molekuli iliyotulia iko katika hali ya singleti. Hivyo singleti yenye nishati yaruhusiwa kushuka katika utulivu huo na kuitoa nishati yake ikiwa nuru, nayo hufanya hivyo katika muda wa sehemu chache za bilioni za sekunde. Tripleti haina ruhusa hiyo mpaka spini moja igeuke, na katika dutu za kaboni tupu kugeuka huko ni kwa nadra na kwa kuchelewa mno, hata nishati huishia kutikisa molekuli na kuwa joto kabla nuru haijazaliwa. Umeme, nao, hauchagui. Jozi huundwa kwa namna zote nne kwa usawa, moja hung'aa na tatu hupotea, na hakuna usafi wa dutu wala ustadi wa mkono uwezao kubadili hesabu hiyo.

Katika Chuo Kikuu cha Princeton alikuwako mhandisi Stephen Forrest, na katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California mkemia Mark Thompson, na pamoja na kijana Marc Baldo walilikabili jambo hili mwaka wa 1998. Waliyoyategemea yalikuwa maarifa ya siku nyingi: atomi nzito, yenye chaji kubwa kiinini mwake, huufunga mwendo wa elektroni na spini yake pamoja, hata katazo lililo imara katika molekuli za kaboni nyepesi hulegea. Walichukua molekuli ya jamii ya pofirini, jamaa ya rangi iliyomo katika damu, wakaweka platinamu mahali ambapo damu huweka chuma, wakaichanganya kwa uchache katika tabaka la taa, na tripleti ambazo zilikuwa zikipotea zikatoa nuru nyekundu. Platinamu hiyo ilikuwa na kasoro ya kuzishikilia tripleti muda mrefu, na umeme ukizidishwa tripleti zilisongamana na kuuana. Mwaka uliofuata waliingiza iridiamu, ambayo huiachilia nuru upesi zaidi, kwa muda wa karibu sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ikang'aa kijani, na mwaka wa 2001 kundi lilo hilo likatangaza taa ambayo ndani yake karibu kila jozi, singleti na tripleti pamoja, iligeuka kuwa chembe ya nuru. Kutoka robo moja hadi nne kwa nne ilikuwa safari ya miaka mitatu. Sijui mahali pengine katika historia ya taa ambapo hasara kubwa kiasi hicho iliondolewa kwa muda mfupi kiasi hicho, nami huyataja majina ya watu hawa kwa heshima.

Iridiamu yenyewe ni katika vitu adimu kabisa vya ardhi. Haichimbwi kwa ajili yake mwenyewe. Hutoka kama ziada ya platinamu, na sehemu kubwa ya ile itumikayo duniani hutoka katika miamba ya Bushveld nchini Afrika Kusini. Hivyo katika nukta nyekundu na kijani za simu nyingi mna chembe ya udongo wa Afrika iliyokwenda katika maabara za ng'ambo na kurudi ikiwa bidhaa ya bei, na ni jambo ambalo watungao sera za madini katika bara hili wangefanya vema kulitafakari zaidi ya tani na mrabaha.

Miongoni mwa walioandika tangazo lile la 2001 alikuwamo Mjapani, Chihaya Adachi. Mtu mwingine angeridhika na ushindi wa iridiamu. Yeye alirudi kwao, na baadaye akaendesha kazi yake katika Chuo Kikuu cha Kyushu mjini Fukuoka, na swali alilolishika ni kama yawezekana kuokoa tripleti bila madini mazito ya aina yoyote. Jibu lake, lililochapishwa katika Nature mwaka wa 2012, kwangu ndilo lenye uzuri kupita yote. Tripleti hukaa chini kidogo ya singleti kwa nishati, na pengo lililo baina yake hutokana na ukaribu wa elektroni na nafasi iliyoiacha: vikikaa pamoja pengo hupanuka, vikitenganishwa pengo husinyaa. Adachi na wenzake waliiunda molekuli kwa makusudi ili iwe na sehemu itoayo elektroni na sehemu ipokeayo, wakazipinda sehemu hizo zisilingane katika uso mmoja; katika ile iliyopata sifa, pete ya benzini yenye vikundi viwili vya kaboni na naitrojeni imezungukwa na kabazoli nne zilizosimama kwa upande. Pengo likawa dogo kiasi kwamba joto la kawaida la chumba, lile lile tulionalo kuwa si kitu, linatosha kuipandisha tripleti hadi kwenye singleti, kisha singleti inashuka kwa ruhusa na kung'aa. Jambo hilo lilijulikana tangu zamani katika eosini, rangi nyekundu ya maabara, lakini kwa udhaifu usiofaa kitu. Huko Fukuoka likafikishwa kwenye ufanisi wa ndani upitao asilimia 90, sawa na iridiamu, kwa kaboni, haidrojeni na naitrojeni tupu. Hakuna mgodi uhitajiwao. Joto, ambalo ndilo kaburi la nishati katika taa ya kale, limefanywa kuwa ngazi yake.

Kama mambo yangeishia katika nyekundu na kijani, kazi ingekuwa imekwisha. Buluu imekataa. Nuru ya buluu ina nishati kubwa kuliko ndugu zake, na tripleti iwezayo kuizaa ina nishati inayokaribia ile ishikiliayo viungo dhaifu vya molekuli yenyewe, kama kile cha kaboni na naitrojeni. Tripleti moja ikikaa peke yake molekuli huvumilia. Lakini ikikawia hata ikagongana na tripleti nyingine, au na chaji ipitayo, nishati zao hujumlika, kiungo hukatika, na kipande kilichokatika huwa sumu kwa jirani zake, kwa kuwa huimeza nuru badala ya kuitoa. Ndiyo maana viwanda vya vioo kwa miaka mingi vimetumia iridiamu kwa nyekundu na kijani, na kwa buluu vikarudi katika dutu za zamani zing'aazo kwa singleti, vikikubali hasara kwa ajili ya umri. Hasara hiyo si robo tatu kamili, maana katika dutu nyingine tripleti mbili zikikutana huzaa singleti moja, na wastadi wamejifunza kuliongeza tukio hilo. Hata hivyo israfu ingali kubwa. Nukta ya buluu aghalabu huumbwa pana kuliko nyingine ili umeme wake usikolee mahali pamoja, na kivuli cha kudumu kibakiacho juu ya kioo kilichoonyesha alama moja kwa miezi mingi kina sababu yake kuu katika kuchakaa kusikokuwa kwa usawa, ambako buluu hutangulia.

Dawa hutafutwa kwa njia mbili. Mwaka wa 2016 Takuji Hatakeyama, akiwa Chuo Kikuu cha Kwansei Gakuin, alionyesha pamoja na wenzake molekuli bapa na ngumu ambazo boroni na naitrojeni zimepangwa ndani yake kwa zamu, na kwa kuwa hazitikisiki, hutoa buluu yenye rangi moja safi, isiyopotezea nishati katika rangi za jirani zitakazochujwa baadaye. Dutu za ukoo huo zimekwisha kuingia katika vioo. Njia ya pili ni kuifanya iridiamu au platinamu iiachilie buluu upesi kabla ya mgongano; na mwezi wa Mei 2025 kampuni ya LG Display ya Korea Kusini ilitangaza kioo chenye ghorofa mbili za buluu, ya juu ikiwa ya tripleti na ya chini ya singleti, ambacho hupunguza umeme kwa asilimia 15 hivi. Watu wanaweza kuona asilimia hiyo ni ndogo. Aliyefuatilia miaka zaidi ya ishirini ya kushindwa kwa buluu hataona hivyo.

Hata jozi zote zikigeuka nuru, shauri halijakwisha, kwa sababu nuru kuzaliwa ni jambo moja, na kutoka nje ni jingine. Mzamiaji aliye chini ya maji matulivu akitazama juu huiona mbingu yote ndani ya duara moja lililo juu ya kichwa chake, na nje ya duara hilo uso wa maji humrudishia sura ya chini kama kioo. Nuru iliyomo katika filamu za kaboni na bilauri hupatwa na kanuni iyo hiyo, ile ipandayo wima hutoka, na ile iendayo kwa mshazari hurudishwa ndani ikazunguka mpaka imezwe. Bila ya hila maalumu, takriban moja kwa tano tu ndiyo itokayo. Hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini chombo cha Tang kisingeweza kupita asilimia 5 hivi hata kingekamilika namna gani: robo ya jozi, kisha humusi ya nuru yake. Wenye maarifa huweka lenzi ndogondogo, matabaka ya kutawanya, au huzilaza molekuli ubapa ili zitupe nuru yake kuelekea juu, na kila hila hurudisha kidogo. Uwanja huu hauna umaarufu wa kemia mpya, lakini nuru iliyobaki humo ni nyingi kuliko iliyobaki katika buluu.

Nimeacha kwa mwisho jambo linigusalo zaidi, nalo ni taa za kumulikia nyumba. Junji Kido wa Chuo Kikuu cha Yamagata nchini Japani alipata nuru nyeupe kwa dutu hizi katika miaka ya mwanzo ya 1990, na mwaka wa 2009 kundi la Sebastian Reineke na Karl Leo mjini Dresden, Ujerumani, lilitangaza taa nyeupe ya lumeni 90 kwa wati moja, kiwango kilichofikia na kupita mirija mirefu ya umeme iliyokuwa katika ofisi za dunia nzima. Chombo cha 1987 kilitoa lumeni 1.5. Taa ya namna hiyo ni uso mzima ung'aao kwa upole. Haichomi jicho, haihitaji kivuli wala kikombe cha kuisambaza, haina joto mahali pamoja, na yaweza kubandikwa kwenye dari kama karatasi ya ukutani. Ningali naamini kwamba kwa chumba cha kusomea mtoto hakijabuniwa kitu kilicho bora kuliko hicho.

Lakini soko halikwenda huko. Taa za LED za fuwele, baada ya buluu yake kupatikana kwa kazi ya Akasaki, Amano na Nakamura, zilishuka bei mwaka hadi mwaka zikapita lumeni 100 kwa wati, na uso wa kaboni upikwao katika ombwe haukuweza kushindana nazo kwa senti. Philips iliiuza idara yake mwaka wa 2015 kwa OLEDWorks, LG Display ikatangaza mwaka wa 2020 kwamba inaacha taa hizo, na akili nyingi zikahamia katika simu, runinga na taa za nyuma za magari ya fahari. Silaumu, kwa kuwa kiwanda hakiendeshwi kwa matumaini. Nasikitika tu kwamba dutu iliyorudisha robo tatu zake kwa jasho la wanazuoni wa mabara matatu imetumika zaidi kupendezesha picha kuliko kumulika vyumba, ilhali hapa kwetu nyumba nyingi huwaka usiku kwa betri ndogo iliyoshibishwa na paneli ya jua, na kila wati iokolewayo humwongezea mwanafunzi muda wa kusoma.

Tumaini lililobaki liko katika ule wino wa Cambridge. Kupika katika ombwe ni ghali, na sehemu kubwa ya dutu huishia katika kuta za chumba na juu ya kibati cha kuchorea nukta. Kuchapa kwa matone huiweka dutu pale itakiwapo peke yake. JOLED ya Japani ilijaribu ikafilisika mwaka wa 2023, kisha TCL CSOT ya China ikaanza kutoa vioo vilivyochapwa mwishoni mwa 2024. Vioo hivyo ni vya kutazamia, si vya kumulikia; lakini mashine ni ile ile, na dutu za Adachi, zisizohitaji mgodi, zayeyuka vizuri. Atakayechapa karatasi ya nuru nyeupe kwa bei ya bati la kuezekea atapata wanunuzi kutoka Lamu hadi Kigoma.